Kiota Nilichokipruni

Kuna dawa ya mbu ya kujipaka, ile ya mrija mweupe, inanuka ndimu iliyochanganywa na mafuta ya taa. Mtu akiipaka mbele yangu nainuka naondoka. Desemba iliyopita nilitoka Mogogosiek sokoni na binti yangu wa miaka saba, tukakata njia ya bondeni. Niliinama kufunga kamba ya kiatu. Nilipoinuka nikakuta mwanamume ameshuka gari, kofia pana, kamera imelala kifuani kama mtoto mchanga, ameinama juu ya binti yangu akimpa biskuti.

"Eti kipusa, wale ndege wakubwa wenye taji hulala wapi? Wewe lazima unajua."

Hapo ile harufu ikanifikia. Nilimnyang'anya mtoto ile biskuti nikaitupa kwenye matope, nikamwambia yule bwana maneno ambayo mtu hasemi mbele ya mtoto wake. Mkewe akapandisha kioo cha gari haraka. Nilimsikia: "Huyu mama ana wazimu, twende zetu."

Haya, nina wazimu. Lakini una asili yake, na nitawaeleza ninyi, kwa sababu nyumbani kwangu hakuna anayeijua. Mume wangu mpaka leo ananiuliza biskuti ilikuwa imekosa nini.

Mimi ni Mkisii niliyezaliwa kwenye chai. Wazazi wangu walikuja upande huu wa Konoin kutafuta kazi kabla sijawa hata wazo, wakapewa chumba kimoja na jiko kwenye nyumba za mstari, kambini, na hapo ndipo nilipofungulia macho. Mama alikuwa mchunaji. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa chai, weusi wa ndani usiotoka kwa sabuni wala kwa majivu, na akikusongea ugali unaona kama mikono ya mtu mwingine imeazimwa. Jioni upepo ulileta harufu ya kiwandani, ya majani yanayonyauka, tamu kidogo, kama nyasi iliyokaangwa. Watu wa mbali wanaisifu hiyo harufu. Sisi tuliiita harufu ya kuchoka.

Baba alikuwa wa kupruni. Kama hujui chai, kupruni ni kuikata ile miti yote mpaka inabaki visiki, shamba zima linaonekana kama limepigwa na ugonjwa. Halafu unangoja. Baada ya miezi mitatu kumerudi kijani kibichi kuliko mwanzo. Kila mkato unatakiwa ukae mshazari, maji yateremke yasiozeshe kisiki, na juu kote kuwe sawasawa kama meza. Sasa baba alikuwa wa mkono wa kushoto. Wenzake wote mikato yao ililalia upande mmoja, yake ikalalia upande wa pili. Ungeingia shamba lenye visiki elfu ungetambua mistari yake bila kuuliza. Nyapara alikuwa akimtania: "Baba Kerubo, chai yako inaangalia Kisii!" Na baba bila kuinua kichwa: "Wacha iangalie nyumbani, mkuu."

Kerubo ni mimi. Nilijifunza kukata kwa kumtazama, kwenye ule ua wa nyuma ya nyumba, kwa kisu chake cha zamani ambacho shamba lilikuwa limeshakitupa. Nilikishika kwa mkono wa kushoto kama yeye, ingawa kuandika naandika kwa wa kulia. Nikisita, ananiambia, "Usiuonee huruma. Kata. Utarudi." Mimi nilikuwa na miaka tisa na niliamini hayo maneno kwa kila kitu kinachomea. Nilifikiri dunia yote iko hivyo, unakata, inarudi.

Chai ya shamba ilipoishia kulikuwa na safu ya mikaratusi, halafu kijito, na kijito kilipopanuka kikawa kinamasi, sisi tuliita swampu. Mafunjo yake yalikuwa marefu kumzidi baba. Ng'ambo yalianza mashamba ya Wakipsigis, na la kwanza kabisa lilikuwa la kina Chebet. Baba yake Chebet alifanya kazi mbali akija mara mbili kwa mwaka, hivyo boma lilikuwa la Mama Chebet, mwanamke mrefu mkavu aliyeleta maziwa kambini kila asubuhi na kuwafokea mama zetu kama wamekuja kuomba bure. Mama yangu alimpenda. Alisema bora mtu wa kukufokea usoni.

Chebet tulikuwa darasa moja, dawati moja. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mimi nilikuwa redio.

Huko kwao kulikuwa na jambo moja ambalo halikuwa na mjadala. Ndege wa ukoo wao ni yule korongo wa taji ya dhahabu, wanamwita kong'ony. Mwenye mashavu meupe na kile kipande chekundu shingoni. Jozi moja ilikuja kutaga kwenye ile swampu kila mwaka, na ikija, Mama Chebet alifunga shughuli zote za upande ule. Mafunjo hayakatwi, hata kama paa linavuja. Ng'ombe wanapelekwa kunywa maji juu, kuzunguka, nusu saa zaidi. Hakuna anayesogea kiotani. Mahali penyewe kilipo hapatajwi, hata ndani ya nyumba. Chebet alipajua kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akizungusha ng'ombe na siku moja alimwona yule ndege akishuka palepale mara tatu.

Akanionyesha mimi. Sijui kwa nini. Pengine hata mtu wa maneno machache anachoka kuwa peke yake na kitu kizuri. Kwanza alinilisha kiapo. Watoto wa pale tuliapa hivi: unachuma majani mawili na kichipukizi chao, mabichi, unatafuna bila kukunja uso, unameza. Uchungu wake unakaa kooni mpaka kesho. Tulitafuna wote wawili. Halafu tukalala kifudifudi juu ya kichuguu na Chebet akatenga majani kwa vidole viwili.

Nilimwona ndege amekaa katikati ya mafunjo, kijivu tupu na ile taji ikitikisika kwa upepo. Mwenzake akaja. Wakainamiana, kama watu wa kanisani wanaosalimiana, wakabadilishana zamu. Hakuna aliyenifundisha kuwa kimya lakini nilikuwa kimya. Nikasikia roho yangu imetulia.

Hiyo ilikuwa Julai. Agosti, shule zimefungwa, akaja Bwana Likizo.

Jina lake halisi sikulijua na silihitaji. Alitoka Nairobi na mkewe, wakakaa karibu wiki kwenye gesti ya juu ya shamba, na kila alichoulizwa alijibu, "Niko likizo." Askari wa getini akimwambia huko hakuingiliwi, "Niko likizo, bwana." Mkewe akimwambia chakula kinapoa, "Niko likizo, mama." Sisi watoto wa kambi tukampa jina na tukamfuata kama mkia. Alikuwa na kamera yenye mdomo mrefu kama chupa ya soda ya lita moja na alikuwa akipiga kila kitu cha majini: vyura, kwarara, yule ndege mdogo wa bluu anayevua samaki. Tulikuwa tukimpigia kelele, "Bwana Likizo, nipige mimi! Achana na chura, nipige mimi!" Alikuwa anacheka. Kila asubuhi alijipaka ile dawa ya ndimu na mafuta ya taa mpaka masikioni. Mbu walimwuma vilevile.

Siku ya tatu alinipa biskuti, akanipiga picha. Aligeuza kile kioo cha nyuma ya kamera nikajiona. Lazima muelewe. Nyumbani kulikuwa na picha moja tu ukutani, ya dada yangu mkubwa siku ya kumaliza darasa la nane, ndani ya fremu, na wageni wakija wanamwangalia dada hata kama dada mwenyewe hayupo. Yangu haikuwapo. Na hapo ndani ya kamera nilikuwa na macho makubwa na meno, na nilikuwa mtu.

"Nitakutolea kubwa," akasema. "Ya ukutani. Lakini na wewe nisaidie. Yule korongo wa taji anataga wapi? Nimezunguka siku tatu, kila mtu hapa ni bubu."

Nilinyamaza kidogo. Natamani niwaambie nilinyamaza sana. Ilikuwa kama muda wa kumenya pipi. Nikamwambia, "Najua."

Kesho yake asubuhi nilimpeleka kupitia upande wetu, upande wa mikaratusi, Chebet akiwa kule juu na ng'ombe. Mkewe alikuja pia, akatandika shuka chini ya mti na kufungua bakuli la mayai ya kuchemsha. Bwana Likizo akaingia majini na gambuti za kuazima, akachutama, akapiga mbili tatu, akaanza kulalamika. Nyasi iko mbele ya jicho. Nyasi iko mbele ya taji. "Ona hii, picha nzima nyasi! Nani atanunua nyasi?" Akajaribu kuyakunja yale mafunjo kwa mkono yakarudi yakampiga usoni. Mkewe alicheka.

Mimi ndiye niliyesema. Hilo nimeliweka miaka yote hii nikitumaini litabadilika, halijabadilika. Yeye hakuniambia. Nilisema, "Ningoje, nikalete kisu."

Nilikimbia nyumbani nikarudi na kisu cha baba. Yule ndege aliondoka kiotani niliposogea, akasimama mbali kidogo majini akipiga ile sauti yake nzito, huku akizunguka palepale kama mama aliyefungiwa nje ya nyumba yake. Sikujali. Nilikuwa kazini. Nilikata kwa mkono wa kushoto, mshazari, sawasawa, mstari kwa mstari, nikafanya meza safi kuzunguka kiota kizima, hatua nne kila upande. Nilijivunia. Nilitamani baba angekuwapo aone. Nikiwa karibu vile niliyaona mayai, matatu, rangi ya anga iliyopauka, na nikasogeza ubua mmoja uliokuwa umeanguka juu yake ili yaonekane vizuri.

"Wewe ni fundi!" Bwana Likizo akasema. "Fundi kabisa!" Na mkewe akanipa yai la kuchemsha. Nikalila. Nimekaa ukingoni, miguu majini, naangalia mayai ya ndege wa watu huku nikitafuna yai.

Ndege alirudi baadaye. Alikaa juu ya mayai pale kwenye uwazi, jua la saa sita likimpiga mgongoni bila kivuli hata cha ubua mmoja, akaachama mdomo akihema. Bwana Likizo akapiga mpaka betri ikaisha. "Anatabasamu," akasema. Alikuwa anakufa joto.

Siku iliyofuata tulienda tena, kisu mkononi, na kabla hatujafika nilisikia kunguru.

Walikuwa wanne. Wawili walikuwa wakiwavuta wale korongo pembeni, wakiwarukia na kukimbia, na wengine wawili walikuwa kiotani wakila. Yai moja lilikuwa limeviringika likaingia majini. Moja lilikuwa limefunguka na ndani yake hakukuwa na ute wa yai, kulikuwa na kifaranga karibu mzima, mweupe wa kulowa, ana mdomo, ana kucha, na kunguru amemshika kwenye utumbo anamvuta. Harufu ilikuwa ya damu na matope. Nilipiga yowe nikataka kuwatupia kisu.

"Tulia! Tulia hapo!" Bwana Likizo alininong'oneza kwa hasira, mkono mmoja umenishika bega, jicho halijatoka kwenye kamera. "Bahati iliyoje hii. Usisogee, unaziba mwanga."

Akapiga. Kunguru na utumbo, akapiga. Korongo akipiga mbawa juu ya kitu ambacho hakipo tena, akapiga. Nilitapika miguuni pangu naye akavuta mguu wake pembeni. Alipomaliza aliniambia kwa sauti nzuri, ya mwalimu wa dini, "Usilie. Ndivyo maumbile yalivyo. Kunguru naye ana watoto."

Maumbile! Mimi na kisu cha baba yangu tulikuwa maumbile.

Kesho yake walipakia gari wakaenda. Likizo ilikuwa imeisha.

Mama Chebet alijua jioni ileile ya kunguru, kwa sababu wale ndege walilia mpaka giza. Akashuka, akaona. Yule mtu wa kamera kila mtu alikuwa amemwona, kwa hiyo swali lilikuwa moja tu: nani alimwonyesha? Na aliyekuwa akipita kule, peke yake, kila siku, alikuwa Chebet.

Sisi tulisikia kutoka ng'ambo. Mama yangu alikuwa akichambua mboga mlangoni akasimamisha mikono. Sauti ya Mama Chebet: "Ni wewe? Ni wewe ulimpeleka? Kwa peremende?" Halafu fito. Halafu swali tena. Sauti ya Chebet haikusikika kabisa, si kukana, si kulia. "Huyo mtoto ana kiburi," mama akasema. Halafu akasema, "Maskini." Mimi nilikuwa ndani nimekumbatia magoti. Kati yangu na lile boma kulikuwa na kijito ambacho ningekivuka kwa hatua sita. Sikuvuka.

Shule zilipofunguliwa Chebet aliomba kuhama dawati. Hakunisema. Nilisubiri anisemee mbele ya darasa, nikasubiri anipige, nikasubiri anitemee mate. Alikuwa akipita tu, kama mtu anayepita kando ya mti. Halafu ikaja habari kambini pamoja na maziwa: Mama Chebet amechoka na mtoto asiyejibu, nyanya yake naye amesema aliyeuza ndege wa ukoo hawezi kukaa karibu na pale mahali, kwa hiyo Januari Chebet atapelekwa Longisa kwa shangazi yake, asome huko, akae huko. Miaka tisa. Kwa jambo nililofanya mimi. Na nilijua maneno manne tu yangemzuia asiende. Nikawa naingia nayo chooni nikayasema kwa ukuta, "Ni mimi nilimwonyesha kiota," nikatoka nimefunga mdomo.

Katikati ya Desemba gesti ikapokea mzigo. Bwana Likizo alikuwa ametengeneza kalenda, karatasi za kung'aa, akatuma nakala kadhaa "kwa marafiki zangu wa kambini." Mama akaipata moja kwa karani wa kupima majani. Nilimpokonya. Nilifungua Januari, Februari, Machi, nikitafuta uso wangu. Chura, kwarara, yule wa bluu. Agosti alikuwa kunguru, mdomo umelowa. Mpaka Desemba, sipo. Juni, ukurasa mzima, alikuwa korongo amesimama juu ya kiota, mayai yote yakionekana miguuni pake, taji inawaka kwa jua, mdomo wazi.

Mama akaitundika. Majirani wakaja. "Eh, Mungu ameumba!" "Ona macho!" "Na hapa ni hapa kwetu? Huyu mtu ana kipaji." Wanawake wazima, wanasifu kifo, wanashika chai. Mimi nimekaa chini ya hiyo kalenda nikila ugali.

Baba alirudi jioni, akanawa, akaombwa aangalie. Akafungua kurasa taratibu kwa kidole kimoja ili asichafue. Akafika Juni. Wengine wote walikuwa wameangalia ndege. Baba aliangalia chini ya ndege, kwenye mafunjo yaliyokatwa, meza safi, kila ubua mshazari, yote yakilalia upande mmoja. Upande wake. Alikaa hapo muda mrefu mpaka mama akasema, "Baba Kerubo, si ufungue nyingine?"

Hakuniangalia. Alisema tu, "Kerubo, kesho utavaa viatu."

Asubuhi aliuchana ukurasa wa Juni, akaukunja, akanishika mkono tukavuka kijito. Hakunipiga. Ningefurahi angenipiga. Mama Chebet alitukaribisha ndani na kutufokea kwa kuja kabla ya kukamua, ndiyo ilikuwa salamu yake. Baba akabaki amesimama.

"Mama Chebet, mtoto wako hakuuza ndege. Nimekuletea mkono uliokata." Akanisukuma mbele.

Nikayasema yale maneno manne. Yalikuwa mepesi ajabu. Nikamaliza na ya kisu pia.

Mama Chebet alichukua ule ukurasa akausogeza mlangoni penye mwanga. Nilidhani anatafuta mikato. Midomo yake ilikuwa inahesabu.

"Kumbe yalikuwa matatu," akasema.

Miaka yote hiyo aliyofunga njia na kuzungusha ng'ombe, hakuwahi kusogea akaona. Yai la kong'ony aliliona mara ya kwanza kwenye kalenda.

Halafu akaniuliza, bila kufoka, "Na wewe, lakwet, mtoto wangu, ulipewa nini?"

"Biskuti," nikasema. "Na yai."

"Yai?"

"La kuku. La kuchemsha."

Uso wake ulikunjika kama mtu aliyeuma kitu kilichooza. Akageuka akatema nje mlangoni. Baba akaangalia miguu yake.

Akamwita Chebet. Akachukua kibuyu, akakitikisa, akamimina mursik, yale maziwa ya kugandisha yenye masizi, akampa Chebet kwanza. Kabla ya mgeni, kabla ya mwanamume aliyesimama ndani ya nyumba yake. Mkipsigis yeyote atakuambia hilo halifanyiki. Hakusema nisamehe. Alishika kile kikombe mpaka mtoto akakipokea kwa mikono miwili.

"Longisa hutaenda tena," akasema. "Si wewe."

Chebet akanywa mpaka mwisho, akafuta mdomo. "Nitaenda."

"Wewe! Si nimesema si wewe? Ni huyu."

"Huyu nilimwonyesha mimi," Chebet akasema.

Basi nilifurahi. Nawaambia ukweli wote: nilisimama pale na viatu vyangu nikafurahi, nikajua rafiki yangu ananitetea, anagawana kosa na mimi nusu kwa nusu kama tulivyogawana kila kitu dawatini. Nilirudi nyumbani nikiruka. Nikamwambia mama kwamba Chebet hajakasirika. Januari akaenda Longisa kweli, kwa mapenzi yake, akiwa na sanduku la bati. Mwaka huo korongo hawakutaga pale, wala uliofuata. Mafunjo yalirudi, kama alivyosema baba. Yalirudi marefu kuliko mwanzo.

Kwa miaka mingi nilimchukia Bwana Likizo na bado namchukia, na yule wa biskuti wa Desemba iliyopita nilimchukia kwa sababu yake. Lakini yeye alikuwa likizo. Mimi nilikuwa nyumbani. Nilikuwa nimelala juu ya kile kichuguu nikawaona wakiinamiana.

Na lile neno la Chebet nimelielewa juzi tu, mimi mtu mzima mwenye mtoto. Binti yangu alikuja akaniambia mwenzake amepasua siri yake shuleni, nikamwambia mtaje nimwendee mama yake, naye akakataa, akasema, "Si kosa lake mama, ni mimi nilimwambia." Hakuwa na huruma usoni hata chembe. Nikakaa chini palepale jikoni. Chebet hakuwa ananificha, siku ya fito wala siku ya mursik. Mama yake alikuwa amemuuliza amefanya nini, naye alikuwa ametafuta jibu la kweli na kulipata, na alikuwa tayari kwenda nalo Longisa. Kosa lake lilikuwa mimi.